Kanairo Inapandisha Presha, na Hii Stori Ilijulikana Tangu 1990

Tangu Oktoba 15, 2025, kila msee amekuwa daktari wa moyo. Siku hiyo Raila Odinga alianguka akiwa kwa matembezi ya asubuhi huko Kerala, India, akakimbizwa hospitali, na madaktari wakasema moyo wake ulikuwa umesimama. Alikuwa na miaka 80. Kabla hata mwili haujafika Nairobi, magrupu za WhatsApp zilikuwa zishajaa madawa: kunywa maji moto na kitunguu saumu, lamba limau kabla ya mswaki, ukisikia kifua kimekaza kohoa kwa nguvu mpaka moyo urudi laini.

Hii stori si ya Baba. Miaka 80 ni miaka 80, na hakuna mtu wa mtandao anajua faili yake ya hospitali ilikuwa inasema nini. Lakini hofu iliyobaki mtaani ni ya ukweli, juu kila mtaa uko na jina la msee wa miaka 45 ama 50 aliyelala poa na hakuamka. Ama ule mama alianguka bafuni, kurudi kutoka hospitali mkono mmoja haushiki kikombe. Halafu mazishini tunaambiana, "Na vile alikuwa tu sawa."

Hakuwa sawa. Hakuwa amepimwa tu, na hizo ni vitu mbili tofauti.

Mwaka wa 2015 serikali ilifanya utafiti mkubwa nchi nzima kuhusu haya magonjwa yasiyoambukizwa, ikapima watu wa miaka 18 hadi 69. Karibu mtu mmoja kwa kila wanne alipatikana na presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu walisema hawajawahi kufungwa ile mashine ya mkono maishani mwao. Sasa sikia hapa ndio noma. Chukua watu 100 wenye presha ya juu. Kama 16 pekee ndio walijua wako nayo. Kwa hao 16, wanne walikuwa wanameza dawa. Kwa hao wanne, wawili ndio presha yao ilikuwa imetulia. Wawili kwa mia! Hiyo ni kama mathree imebeba watu mia moja, wawili tu ndio wamefunga mkanda, na dere anakanyaga mafuta kuelekea Mlolongo.

Sasa swali: hii presha inatoka wapi? Ukiuliza wazee watakuambia ni mawazo. Ukiuliza wengine ni kurogwa, ama ni ya ukoo, "kwetu wote tuko nayo." Mawazo yana kazi yake na ukoo uko na kazi yake. Lakini kuna jibu lingine ambalo lilipatikana hapa hapa Kenya, na sijui mbona halifundishwi shuleni.

Miaka ya themanini, watafiti wakiongozwa na daktari Mwingereza anaitwa Neil Poulter walienda vijiji vya Waluo kaskazini mwa Ziwa Victoria. Hawakutafuta wagonjwa. Walitafuta vijana wazima waliokuwa wanapanga kufunga virago wakuje Nairobi kutafuta job, wakawafuata mpaka huku, zaidi ya watu 300, na huko nyuma wakaendelea kupima wenzao waliobaki ushago. Matokeo yalitoka 1990. Presha ya waliohamia Nairobi ilipanda kuliko ya waliobaki, na haikungoja miaka kumi. Tofauti ilionekana ndani ya miezi michache ya kwanza. Damu ile ile, ukoo ule ule, majina yale yale. Kitu kilikuwa kimebadilika ni mji.

Na walipopima mkojo, wakapata dalili ya kwa nini. Wasee wa Nairobi walikuwa na sodiamu nyingi, yaani chumvi, ukilinganisha na potasiamu. Potasiamu ndiyo inayotoka kwa ndizi, viazi, maharagwe, mboga za majani, matunda, na inasaidia figo kutoa chumvi mwilini. Ushago ulikuwa unakula potasiamu bila hata kujua jina lake. Kufika mjini chumvi ikapanda, potasiamu ikashuka. Uzito na mapigo ya moyo pia vilikuwa juu, kwa hivyo si chumvi pekee, lakini chumvi ilikuwa kwa picha kubwa.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Miaka ya sitini kulikuwa na daktari mwingine, Gerry Shaper, aliyekuwa Makerere. Yeye alisoma Wasamburu. Akapata presha yao iko chini, na haikuwa inapanda na umri, kitu ambacho daktari wa leo akiambiwa anaweza kufikiri mashine imeharibika. Halafu akafuata morani walioandikwa jeshi la Kenya. Wakaanza kula ile rasheni ya kambi yenye chumvi, na presha ya morani ikaanza kupanda. Kijana aliyekuwa anatembea kutoka Maralal na ng'ombe, ule mwenye mwili wa chuma, presha ilimfuata kwa sahani ya jeshi.

Nataja morani makusudi, juu kuna ile mbogi ya mtandaoni ya kula nyama na mafuta pekee. Kila ukiwauliza kuhusu kolesteroli wanakuambia, "Kwani Wamaasai hukula nini? Na si wako fiti?" Swali poa. Limejibiwa pia. Mmarekani George Mann alisoma Wamaasai wa upande wa Tanzania miaka ya sitini, akapata kolesteroli yao ya damu iko chini licha ya maziwa na nyama. Watu wa nyama choma hupenda kusimamisha stori hapo. Lakini 1972 yeye na wenzake walitoa matokeo ya kupasua mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliokufa. Ndani ya mishipa walipata utando wa mafuta, unene sawa na wa wazee wa Marekani. Kilichowaokoa ni kuwa mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, mipana, damu inapita tu, na Mann mwenyewe aliona kutembea kwao ndio sababu. Kwa hivyo ukitaka kula kama Mmaasai, buda, sawa. Anza na kilomita. Hiyo kilo ya mbuzi unayoagiza Ijumaa baada ya kukaa kwa kiti siku tano, na kuteremsha na keroro, haiko kwa huo utafiti.

Tukuje kwa sahani ya leo, kwa sababu tangu 1990 mambo yamezidi. Vijana wa ile stadi ya Poulter hawakupata smokie pasua kila kona. Hawakupata indomie ya saa tano usiku. Hawakuwa na chips za soo kila baada ya nyumba tatu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, na hiyo ni kijiko kidogo cha chai, hata hakijajaa. Si kijiko cha kuongeza mezani. Ni jumla ya kila kitu: mkate wa asubuhi, soseji, ile sachet ya mchuzi mix, crisps, kachumbari, mutura na ile chumvi inakaa kwa karatasi pembeni unachovya. Unaweza kula siku nzima bila kushika kichupa cha chumvi na bado ukapita hiyo gramu 5 kabla jua kutua.

Na hapa wacha niseme kitu. Watu wa afya hupenda kutuambia "punguza vyakula vya barabarani" kama vile tunavila juu ya raha. Msee wa mjengo ako na dakika thelathini za lunch na mia moja mfukoni. Dem wa duka Eastleigh anatoka kejani saa kumi na moja asubuhi, anarudi saa tatu usiku, na gesi imeisha. Kibandaski ndio jikoni yake. Kwa hivyo ukimpa mtu kama huyo ushauri wa salmoni na mafuta ya zeituni, umempa tu kitu cha kuchekea.

Turudi kwa mafuta, kwa sababu hapo ndipo kolesteroli inaingia, na hapo ndipo tunachezewa vizuri.

Ukienda supermarket, geuza chupa ya mafuta ya kupika. Nyingi zimeandikwa kwa herufi kubwa kuwa hazina kolesteroli. Ni ukweli mtupu, na hausaidii chochote. Kolesteroli hutengenezwa na wanyama. Hakuna mmea uko na kolesteroli ya kuhesabika, kwa hivyo hata ukamue mafuta kutoka kwa mti wa posta, yatakuwa hayana kolesteroli. Ni kama kuuza maji ukiandika "haina mifupa."

Shida iko kwingine. Kolesteroli nyingi iliyo kwa damu yako hujaimeza. Ini lako ndilo linaitengeneza, na mwili unaihitaji. Ini hilo hilo ndilo husafisha ile mbaya, inayoitwa LDL, kutoka kwa damu. Unapokula mafuta yaliyoshiba kwa wingi, ini linapunguza milango yake ya kuvuta LDL ndani, kwa hivyo LDL inabaki ikizunguka. Ikizunguka miaka mingi inaingia kwa ukuta wa mshipa, hasa pale ukuta umeshachubuliwa na presha, sigara ama sukari. Inajenga uvimbe. Siku moja ule uvimbe unapasuka, damu inafanya vile inafanyanga ikiona kidonda, inaganda. Mshipa wa moyo unaziba, na hiyo ndiyo mshtuko wa moyo. Ukiziba wa ubongo, hiyo ni kiharusi. Haikuwa ghafla. Ilichukua miaka ishirini kujengwa na dakika moja kukuangusha.

Sasa, mafuta gani yameshiba? Yale ya mgando ya kopo, siagi, mafuta ya nyama. Nazi inaongoza wote, zaidi ya asilimia 80, najua watu wa Mombasa watanikasirikia, na sisemi msipike wali wa nazi, nasema tui zito lisiwe la kila siku. Na mawese, yale tunaita "salad" tu, yanatoka Malaysia na Indonesia, na karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba. Ile ya maji imechujwa ikapungua kidogo. Alizeti ni kama sehemu moja kwa kumi. Tofauti kubwa sana. Lakini mawese ndiyo yanauzwa kwa mashine ya kupima, ya mbao, ya finje, kila duka la mtaa, na alizeti iko kwa chupa, kwa rafu ya juu, na bei yake unaijua.

Mnakumbuka 2022? Vita vya Ukraine vilifunga alizeti, kisha mwisho wa Aprili Indonesia ikafungia mawese yake nje kwa karibu wiki tatu, na hapa Kenya chupa ya mafuta ikawa kitu cha kuweka kwa sefu. Watu walichapa meme. Lakini hiyo ndio ilikuwa siku tulionyeshwa kuwa mafuta yanayoingia kwa mishipa ya mtu wa Kayole yanaamuliwa Jakarta, na kuwa nchi yenye jua kama hii bado inaagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula. Ukulima wa alizeti ungekuwa stori ya moyo kuliko mahubiri mengi ya lishe ninayoyasikia redioni.

Na yale mafuta meusi ya karai ya chips, ambayo yamekaanga tangu Jumatatu? Mafuta yakichomwa tena na tena yanavunjika, na mabaki yake si rafiki ya mishipa. Ukiona yanafuka moshi na kutoa povu, badilisha kibanda. Na hizo habari za mafuta ya transfoma zimetuzunguka miaka mingi. Sitaki hata kuanza.

Mayai nayo yametukanwa bure. Miaka mingi watu waliambiwa wasipite kiwango fulani cha kolesteroli ya chakula kwa siku, na 2015 mwongozo wa lishe wa Marekani ukaondoa hicho kipimo, kwa sababu kwa watu wengi kolesteroli ya kwa sahani haipandishi ya damu vile mafuta yaliyoshiba yanapandisha. Yai moja boilo kwa siku halina noma kwa msee wa kawaida. Ile smokie iko kando yake ndiyo swali. Kama uko na sukari ama kolesteroli yako ishapanda, hiyo ongea na daktari wako.

Basi ule nini? Jibu linaudhi kwa sababu ni lile chakula tulikuwa tunakimbia tukitoka shags. Githeri. Maharagwe na ndengu, ambazo nyuzinyuzi zake hushika ile nyongo ya mafuta tumboni na kuitoa, na ini linalazimika kuvuta kolesteroli ya damu kutengeneza nyingine. Madondo ni dawa, mafuta yanayoelea juu ndiyo yanaharibu. Managu, terere, sukuma, ikichemshwa ama kukaangwa na mafuta kidogo, si kuogelea. Viazi vitamu na nduma badala ya mkate mweupe. Ndizi. Avokado, ambayo Murang'a tunaitoa kwa makontena kwenda Ulaya wakati sisi tunapaka mkate majarini. Njugu karanga bila chumvi. Omena, yaani samaki wa moyo wa bei ya mtaa, osha vizuri na usiikaange ikawa kuni. Kuku toa ngozi. Nyama iwe ya wikendi.

Mwaka wa 1997 Wamarekani walitoa matokeo ya lishe wanayoita DASH, mboga nyingi, matunda, kunde, maziwa yasiyo na mafuta mengi, nyama nyekundu kidogo, na presha ilishuka ndani ya wiki chache tu. Ukiangalia hiyo sahani vizuri ni kama chakula cha nyanya yako ikiandikwa na profesa. Ule utafiti wa 2015 ulipata kuwa kama Wakenya 94 kwa mia hawafiki vipimo vitano vya matunda na mboga kwa siku. Nchi inayouza maua, chai, maembe na avokado duniani.

Kwa wale wanapika kejani, kuna ujanja mmoja una ushahidi mzito. China, kwa vijiji 600 na karibu watu 21,000, walibadilisha chumvi ya kawaida na chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu. Wengi wao walikuwa washapata kiharusi. Matokeo ya 2021: kiharusi kilipungua kwa asilimia 14, na vifo vikapungua pia. Hawakubadilisha chakula, walibadilisha kile kichupa tu. Onyo ni moja: mtu mwenye shida ya figo, ama anayemeza dawa fulani za presha, asiiguse bila kuuliza, kwa sababu potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo wenyewe. Hapa kwetu hiyo chumvi ukiipata ni supermarket kubwa. Dukani mtaani, zii. Serikali ilishalazimisha chumvi iwekwe madini ya joto na goita ikapungua, kwa hivyo njia ya kugeuza kichupa cha nchi nzima inajulikana. Ni kuamua.

Hapo ndio nataka tukae, kwa sababu lishe bila kipimo ni bahati nasibu.

Septemba 2023 Rais Ruto alizindua wahudumu wa afya ya jamii, kama laki moja nchi nzima, wale mnaona na jaketi na begi. Ndani ya begi kuna mashine ya presha na ya sukari. Malipo yao yaliwekwa KSh 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Kwa nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa, hiyo ni mojawapo ya vitu vya maana zaidi vimefanyika kwa moyo wa Mkenya, na sisemi hivyo kusifu mtu. Mashine inakuja mlangoni. Lakini mashine ikisema 165 kwa 100, kinachofuata ni nini?

Kinachofuata ni kituo. Oktoba 2024 NHIF ilienda, SHA ikaja, asilimia 2.75 ya mshahara wako inakatwa, na walio nje ya payslip chini kabisa ni KSh 300 kwa mwezi. Kwa sheria iko mifuko mitatu. Ule wa afya ya msingi ndio unalipia zahanati na vituo vya afya, na hapo mgonjwa aliyejisajili hafai kutoa pesa. Ule mwingine unaitwa wa dharura na magonjwa sugu. Kwa karatasi, msee wa presha amefunikwa pande zote. Lakini presha haitibiwi kwa karatasi, inatibiwa na tembe moja kila siku, mwezi hadi mwezi, mpaka uzeeni. Siku ile zahanati inakuambia "dawa imeisha, nunua chemist," siku hiyo bima imekuacha kwa lami. Tembe za presha za kawaida kama amlodipini si ghali zikilinganishwa na ICU, ambapo familia inaanza kuchanga kwa Mpesa na kuuza shamba. Kipimo cha hii SHA, kwangu mimi, hakiko kwa hotuba wala idadi ya waliosajiliwa. Kiko kwa kabati la dawa la dispensari ya mtaa tarehe 20 ya mwezi.

Kolesteroli nayo iko nyuma zaidi, juu inahitaji damu na maabara, na gharama si ya mbao. Si kila mtu anahitaji kuikimbilia kesho. Lakini ukiwa umepita miaka 40, ama uko na sukari, presha, unavuta fegi, ama babako ama mamako alipata shida ya moyo mapema, hiyo pesa itafute. Kuna familia ambazo LDL iko juu tangu kuzaliwa, hata mtu akiwa mwembamba na anakula managu kila siku. Hao sukuma wiki pekee haiwatoshi. Dawa zipo. Statini zilianzia kwa kuvu, Mjapani Akira Endo ndiye alizipata miaka ya sabini, na WHO imeweka aina moja kwa orodha yake ya dawa muhimu tangu 2007. Zinapunguza LDL na zinapunguza mshtuko wa moyo, hilo limepimwa kwa watu wengi sana. Mtu wa TikTok akikuambia uziache umeze maji ya limau, muulize kama yeye ndiye atakuchukua Kenyatta saa nane usiku. Misuli ikiuma, rudi kwa daktari abadilishe aina ama kipimo. Kitunguu saumu kula, ni kitamu, lakini kiko kwa mchuzi, si badala ya dawa.

Na ile ya kukohoa, iacheni. Moyo ukisimama kabisa mtu anazirai kwa sekunde, hana nafasi ya kukohoa. Anahitaji mtu wa kumlaza chali na kumkandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine anapiga 999 ama 112. Mshtuko wa moyo ni kitu kingine: kifua kinabanwa kama kuna mtu amekikalia, maumivu yanapanda taya ama mkono, jasho baridi. Kwa wanawake wakati mwingine ni uchovu mkali, kichefuchefu na pumzi kukatika tu, na wengi hupewa dawa ya asidi wakatumwa nyumbani. Hapo usingoje asubuhi.

Yule Poulter, by the way, ndiye aliongoza kampeni ya kupima presha duniani kila Mei, iliyoanza 2017 chini ya chama cha kimataifa cha madaktari wa presha. Kwa hivyo msee aliyeona presha ikipanda kwa vijana waliofika Nairobi, miaka karibu thelathini baadaye bado alikuwa anaomba watu wafunge tu ile mashine mkononi.

Kwa hivyo yule mama wa begi akibisha wikendi hii, usimwambie uko busy. Usimpe mkono ukiwa umetoka kupanda ngazi ama kuvuta fegi ama kunywa kahawa. Kaa dakika tano, mgongo kwa kiti, miguu chini usiikunje, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usipige stori. Apime mara mbili. Ikipita 140 ya juu ama 90 ya chini, si lazima iwe presha siku hiyo, lakini apange kurudi siku nyingine, na ikibaki huko, uende naye kituoni. Ukifika, kabla hujauliza kitu kingine, uliza kama dawa iko.